Kiapo na Kura: Imani na Utawala katika Historia ya Kwale

Kila uchaguzi unapokaribia, Ukunda na vitongoji vyake huwapokea watu wanaotafuta baraka. Mgombea huanza kampeni kwa dua, huketi safu ya mbele kwenye maulidi, huingia kanisani Jumapili, na wengine hupelekwa kwa wazee wa kaya wakavishwa nguo na kupewa mkongojo. Wapo wanaoyaona haya wakakata shauri kwamba imani na siasa zitenganishwe kabisa: dini ibaki nyumbani, mila ibaki msituni, serikali iendeshwe kwa sheria peke yake. Wapo wanaoamini kinyume chake, kwamba nchi imeharibika kwa kuwa viongozi hawamchi Mungu wala hawaheshimu mila. Historia ya Kwale inazikosoa pande zote mbili. Katika ukanda huu wa kusini mwa Pwani ya Kenya, imani ilijenga jamii kila ilipowafunga mikono wenye nguvu, na ikaibomoa kila wenye nguvu walipoikodi. Kanuni hiyo inaonekana katika kaya, katika msikiti na hata katika ofisi ya serikali, na njia ya kuithibitisha ni kuufuata mwendo wa mambo tangu mwanzo.

Kaya na ngambi: karne ya 16 hadi ya 19

Simulizi za Wamijikenda zinasema mababu walitoka Singwaya, kaskazini, wakateremka na pwani wakikimbia vita. Wadigo na Waduruma, ambao ndio wenyeji wengi wa Kwale ya leo, walifanya makao katika kaya: vijiji vilivyofichwa katikati ya misitu, vyenye njia chache za kuingilia na malango yaliyolindwa. Inakadiriwa kwamba kaya hizi zilianza kujengwa karne ya 16. Majina yake bado yako kwenye ramani ya kaunti: Kinondo, Diani, Ukunda, Muhaka, Tiwi, Waa. Katika kaya kulizikwa fingo, kago iliyoaminiwa kuulinda mji, na baraza la wazee, ngambi, lilikaa kuamua mambo ya ardhi, ndoa, deni na damu.

Ngambi haikuwa na gereza wala askari wa kulipwa. Nguvu yake ilitokana na jambo moja: watu wote, wazee wakiwemo, waliamini kwamba uwongo mbele ya baraza una malipo yasiyokwepeka. Mtu aliyekana wizi aliweza kutakiwa kula chirapho, kiapo ambacho kingemrudi akisema uwongo. Mzee aliyepindisha haki aliogopa kiapo kilekile. Miiko ya msitu nayo haikumbagua mtu: hakuna aliyeruhusiwa kukata mti wa kaya kwa sababu ana mali nyingi au ukoo mkubwa. Mvua ikikosekana, wazee walitoa sadaka kwa niaba ya wote, na kabla ya sadaka walitazamiwa kuwa wameshasuluhisha ugomvi uliokuwapo, maana iliaminiwa kuwa maombi ya watu wenye chuki hayapokelewi. Hiyo ilikuwa siasa kamili, yenye sheria, mahakama na namna ya kuwawajibisha wakubwa, ijapokuwa mihimili yake ilikuwa ya kiroho.

Hata hivyo si haki kuisifu kaya kupita kiasi. Baraza lilikuwa la wanaume, na la wanaume waliopanda ngazi za rika kwa kulipa ada ambazo maskini hakuziweza. Njaa ilipopiga sana katika karne ya 19, zipo familia zilizowaweka watoto rehani kwa matajiri wa miji ya pwani, na baadhi ya watoto hao hawakurudi. Kaya iliweza kumbana mzee wa ndani, lakini haikuweza kumbana mfanyabiashara wa nje asiyeiogopa. Udhaifu huo ndio uliofungua mlango wa mabadiliko makubwa yaliyofuata.

Uislamu waingia vijijini: karne ya 19 hadi miaka ya 1920

Uislamu ulikuwako pwani hii karne nyingi kabla Wadigo wengi hawajaupokea. Msikiti wa Kongo, penye mlango wa mto Mwachema kaskazini mwa Diani, ni ushahidi wa mawe wa ukongwe huo, na Wavumba wa Vanga na Wasini walikuwa Waislamu wa siku nyingi. Lakini hadi katikati ya karne ya 19 dini hiyo ilikuwa hasa ya miji. Iliingia vijijini taratibu, kwa njia ya biashara, ndoa, urafiki na elimu ya chuoni. Gazi, karibu na Msambweni, ilikuwa ngome ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, na Wadigo walioshirikiana naye walizoea desturi za Kiislamu. Kufikia miaka ya kati ya vita viwili vya dunia, Uislamu ulikuwa umeenea katika jamii nyingi za Wadigo, huku Waduruma wengi wakibaki katika dini ya mababu na baadaye wengine wakaingia Ukristo.

Sababu za mabadiliko hayo zilikuwa za kiroho na za kiraia pamoja. Sheria ya Kiislamu ilikataza Mwislamu kumfanya mtumwa Mwislamu mwenzake. Kanuni hiyo ilivunjwa mara nyingi, ila ilimpa mkulima wa Kidigo hoja ambayo tajiri wa mjini alilazimika kuisikiliza, kwa kuwa ilitoka katika kitabu anachokiamini mwenyewe. Mwenye kusilimu aliweza kushitaki kwa kadhi, kuoana na watu wa mji na kuaminiwa katika mkopo. Hapo dini iliziba pengo ambalo kaya haikuweza kuliziba: ilimfikia mwenye nguvu wa nje.

Uislamu pia haukuivunja kaya. Wazee wengi wa kaya za Wadigo wakawa Waislamu, wakaendelea kuulinda msitu na kutoa sadaka huku wakisoma fatiha. Mgogoro mkubwa zaidi ulikuwa wa urithi. Wadigo walirithi kwa ukoo wa mama, mali ya mtu ikienda kwa mpwa wake; sheria ya Kiislamu iliwapa watoto, wa kike wakiwemo, fungu lililotajwa. Kwa miaka mingi mashamba na minazi ya mjomba yaligombewa na mpwa na mtoto, kila mmoja akishika dini au mila kwa kadiri ilivyomfaa. Hapo ndipo dalili ya maradhi ilipoanza kuonekana: imani yenye kuwabana wote ilianza kuwa silaha ya kuchaguliwa.

Serikali ya kikoloni yagawa mamlaka: 1895 hadi 1963

Mwaka 1895 Waingereza walitangaza himaya yao, na ukanda wa maili 10 wa pwani ukabaki kwa jina chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka huohuo Mbaruk aliasi, na mwaka 1896 alishindwa akakimbilia upande wa Wajerumani. Tangu hapo mamlaka yaligawanywa mafungu. Waislamu wa ukanda walikuwa na maliwali, mamudiri na makadhi. Vijijini kulikuwa na machifu na mabaraza ya kimila. Juu ya wote kulikuwa na mkuu wa wilaya. Wazee wa kaya hawakufutwa kwa sheria, bali walipuuzwa. Chifu aliyeteuliwa na serikali alikusanya kodi na kupeleka watu kazini bila kula kiapo chochote mbele ya watu wake. Kwa mara ya kwanza palikuwa na mtu wa hapahapa mwenye nguvu kubwa ambaye hakuna imani ya hapahapa iliyombana.

Kilichotokea kwa Wagiriama, ndugu wa Wadigo upande wa kaskazini, kinaonyesha kwamba Waingereza walielewa vizuri uzito wa jambo hili. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alizunguka akiwahimiza watu wakatae kodi na kazi za lazima, na viapo vikaliwa katika Kaya Fungo, cha wanawake mbali na cha wanaume. Mamlaka ya machifu yaliporomoka bila risasi kufyatuliwa. Mekatilili alikamatwa na kuhamishwa mbali, lakini serikali haikutosheka. Agosti 1914 iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Serikali yenye bunduki iliona haja ya kulipua msitu, kwa sababu msitu huo ulikuwa bunge. Kiapo cha Mekatilili kiliapwa na wanyonge mbele ya macho ya wote, kuukataa uonevu ulioonekana na kila mtu. Tukishike kipimo hicho, maana kitatufaa tutakapofika mwaka 1997.

Kufikia miaka ya 1940 karibu watu wote walikuwa wamehama kaya na kuishi mashambani. Katika kukaribia uhuru, swali la dini likarudi kwa sura mpya. Baadhi ya viongozi wa mwambao walitaka ukanda wa maili 10 ujitenge. Wamijikenda wengi, wakiwa na Ronald Ngala na chama cha KADU, walitaka majimbo ndani ya Kenya. Mapatano ya Oktoba 1963 baina ya Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, yaliuingiza ukanda katika Kenya kwa ahadi kwamba mahakama za kadhi zitalindwa. Kwa hiyo mahakama hizi ni sehemu ya mkataba uliolifanya taifa lenyewe liwe na pwani, na wanaoziona kama zawadi kwa dini moja huisahau asili hiyo.

Ardhi, utalii na msitu mtakatifu: 1963 hadi 1996

Uhuru ulileta bendera, lakini ardhi ya pwani haikuwarudia wengi wa wakaao juu yake. Maelfu ya familia za Kwale ziliendelea kuishi kama maskwota katika mashamba ya vizazi vyao. Utalii ulipopanda katika miaka ya 1970 na 1980, viwanja vya ufuo wa Diani vikawa dhahabu. Vilipata hati, na mara nyingi majina kwenye hati hayakuwa ya watu wa Diani. Misitu ya kaya, ambayo serikali haikuitambua kuwa mali ya jamii, ilikatwa vipande. Kaya Diani ilipungua, na kisiwa cha Chale, chenye kaya yake, kikajengwa hoteli.

Imani hapa ilishindwa kuwabana wenye nguvu kwa sababu wenye nguvu hawakuwa washirika wake, na sheria haikuipa meno. Mabadiliko yalianza elimu ya mimea ilipokutana na mila: uchunguzi uliofanywa katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba misitu hii midogo ina mimea adimu iliyotoweka kwingine, na kwamba imesalimika kwa sababu ya miiko. Mwaka 1992 kaya kadhaa zilitangazwa kuwa turathi za taifa, Kinondo, Diani na Ukunda zikiwamo, na Makumbusho ya Taifa yakaunda kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani. Mwaka 2008 UNESCO iliingiza misitu ya kaya za Wamijikenda, Kaya Kinondo ikiwamo, katika urithi wa dunia. Leo mgeni anayeingia Kinondo hufungwa kaniki kiunoni, hufuata njia moja na haruhusiwi kuondoka hata na jani, awe balozi au mwanafunzi. Mwiko wa mababu na tangazo la gazeti la serikali vilipokutana, kila kimoja kilipata nguvu ambayo peke yake kisingekuwa nayo.

Kaya Bombo: 1997

Katika miaka hiyohiyo siasa ilikuwa inachafuka. Mwaka 1992, vyama vingi viliporudi, chama cha Kiislamu cha IPK kilinyimwa usajili kwa hoja kwamba ni cha kidini, na Mombasa ikaingia katika ghasia. Vijana wa Likoni na Kwale walikuwa na malalamiko ya kweli: hawakuwa na ardhi, wala kazi katika hoteli zilizo mbele ya nyumba zao. Uchaguzi wa 1997 ulipokaribia, walipatikana watu wa kuyatumia malalamiko hayo. Katika msitu wa Kaya Bombo vijana walilishwa kiapo, wakaahidiwa kwamba risasi hazitawadhuru, wakaambiwa kuwa adui yao ni jirani aliyetoka bara.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi na kuchukua bunduki. Vurugu zikateremka hadi Ukunda, Diani na Msambweni. Zaidi ya watu 100 waliuawa na makumi ya maelfu walihama. Kanisa Katoliki la Likoni liligeuka kambi ya wakimbizi. Watalii walikimbia, hoteli zikafungwa, na vijana walewale waliodai kazi wakawa wa kwanza kuzikosa. Operesheni za usalama zikafuata, nazo zikawatesa wengi wasiohusika. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilieleza kwamba vyombo vya usalama vilikuwa na habari mapema na havikuchukua hatua ipasavyo.

Tukio hili ndilo hoja nzito zaidi ya wale wasemao kwamba kiapo na siasa visikutane. Hoja hiyo inastahili jibu kamili. Kiapo cha Kaya Bombo kilikuwa na msitu, mganga na maneno ya mababu, lakini kilikosa kila kilichokifanya kiapo cha kaya kuwa cha haki. Hakikuapwa mbele ya jamii, bali kwa siri. Hakikumbana mkubwa yeyote: waliotarajia kunufaika na kupungua kwa kura za watu wa bara hawakula kiapo wala hawakushika panga. Hakikutanguliwa na usuluhishi wowote na majirani, ambao zamani ulikuwa sharti la sadaka. Baraza la ngambi lingemuuliza mtu anayeomba kiapo cha vita: wewe mwenyewe utasimama wapi siku hiyo? Swali hilo halikuulizwa Kaya Bombo, na gharama yake walilipa maskini wa pande zote mbili.

Katiba mpya na majaribio yake: 1999 hadi leo

Jeraha la ardhi halikupona. Tangu mwaka 1999 Mombasa Republican Council, MRC, ilianza kujenga hoja kwamba mikataba ya 1895 na 1963 inaipa pwani haki ya kujitenga, na kaulimbiu ya "Pwani si Kenya" ikaandikwa kutani. Kundi hilo nalo lilihusishwa na viapo. Serikali ililipiga marufuku mwaka 2010. Mahakama Kuu ikaondoa marufuku hiyo Julai 2012, na miezi michache baadaye viongozi wake walikamatwa huko Kombani. Mtu anaweza kuipinga MRC kwa nguvu na bado akakubali kwamba ilisikilizwa kwa sababu madai yake ya dhuluma ya ardhi yalikuwa ya kweli.

Katiba ya 2010 ilijibu sehemu ya madai hayo. Inasema hakuna dini ya dola, inalinda uhuru wa dhamiri, inakataza chama kujengwa juu ya dini, na papo hapo inaitambua ardhi ya jamii na mahakama za kadhi. Makanisa kadhaa yalipiga kampeni ya kuikataa kwa sababu ya makadhi, yakidai kwamba dini moja imependelewa. Ila katiba imezifungia mahakama hizo katika mambo ya ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu, tena kwa Waislamu wanaokubali wenyewe kuhukumiwa huko. Hiyo ni imani iliyowekewa mpaka ulioandikwa na unaoonekana, na rufaa iko wazi.

Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, Kwale, kaunti ambayo wengi ni Waislamu, ilimchagua Salim Mvurya, Mkristo, kuwa gavana wa kwanza, ikamrudisha mwaka 2017. Mwaka 2022 ilimchagua naibu wake, Fatuma Achani, mwanamke Mwislamu. Watu wenye imani thabiti walipiga kura bila kuuliza kwanza dini ya mgombea. Wasemao kwamba jamii ya dini haiwezi kuchagua ila kwa dini wanayo kazi ya kulieleza hilo.

Miaka hiyo haikuwa ya raha tupu. Baadhi ya vijana wa Ukunda na Bongwe walivutwa na kundi la al-Shabaab, wengine wakapotea mikononi mwa watu wasiojulikana, na wazee wa mitaa wakauawa wakidhaniwa kuwa wapasha habari. Kaunti ilitoa mpango wake wa kukabili itikadi kali mwaka 2017, na maimamu, wachungaji, akina mama na mashirika ya haki walikaa meza moja na polisi. Mahubiri ya chuki yalisambazwa kwa siri, na dawa yake ilikuwa mahubiri ya wazi, yenye majina na nyuso zinazojulikana.

Hoja zilizobaki

Muumini wa Kiislamu au Kikristo anaweza kusema kwamba kuisifu kaya ni kusifu ushirikina. Si lazima mtu akubali itikadi ya fingo ili akubali kwamba mwiko uliohifadhi msitu kwa miaka 400 una funzo la utawala. Wazee Waislamu wa Kinondo wameishi na swali hilo vizazi kadhaa, na jibu lao ni kuswali msikitini na kuulinda msitu.

Mtetezi wa haki za binadamu atataja wazee wa Kwale na Kilifi wanaouawa kwa tuhuma za uchawi, na zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri mmoja iliyofukuliwa Shakahola tangu Aprili 2023. Ana haki ya kuyataja. Katika visa vingi vya tuhuma za uchawi kuna shamba linalogombewa, na anayekufa ni mzee asiye na mtetezi. Shakahola palikuwa mahali pa watu waliotengwa na jamaa zao, chini ya sauti moja isiyohojiwa. Yote mawili yanathibitisha kanuni: imani huua inapokuwa mali ya mwenye nguvu na inapoondolewa machoni pa jamii. Sheria ya uchawi iliyotungwa mwaka 1925 haikuyazuia mauaji hayo, kwa sababu amri ya kukataza imani haifanyi kazi ambayo hufanywa na baraza linaloheshimika likisema hadharani kwamba damu ya mzee ni haramu.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki jambo. Historia ya Kwale inaongeza sharti: wawe wazee wanaobanwa na kiapo chao wenyewe. Kwa hiyo mzee wa kaya, imamu au askofu anayemwombea dua mgombea ana wajibu wa kumwuliza mbele ya watu ameahidi nini kuhusu ardhi, na baada ya miaka mitano amwite tena mbele ya watu walewale ajibu. Anayepokea bahasha na kutoa baraka faraghani ameikodisha amana isiyo yake. Raia naye anacho kipimo chepesi cha kutumia kila aonapo imani ikiingia katika siasa: atazame nani anayebanwa na nani anayenufaika. Ikiwa anayebanwa ni mkubwa na shahidi ni umma, aiunge mkono, hata kama si imani yake. Ikiwa anayebanwa ni mnyonge na shahidi ni giza, aikatae, hata kama imesemwa kwa lugha ya dini yake au ya mababu zake.